Kikwembe cha Manjano Katika Msitu wa Simbamarara

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, mbele ya lango la hifadhi, kiongozi wetu aliwasha tochi, akaipitisha juu ya mke wangu, juu ya binti yetu, kisha juu yangu, akaizima. Akaiwasha tena, kama mtu aliyetumaini kwamba mara ya pili ataona kitu kingine. Aliona kile kile: watu watatu kutoka Bukavu, Kongo, wamevaa kikwembe, yaani kitenge, cha aina moja, cha manjano makali, chenye ndege wekundu wakubwa kama sahani.

"Nguo hizi," aliniambia kwa Kiingereza cha polepole, "simbamarara ataziona kabla hajaamka."

Dereva alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu maandalizi yote yalikuwa kazi yangu. Shule niliiacha mapema. Ninachokijua, umeme kwanza na Kiingereza baadaye, nilikipata katika vitabu vya mtumba ambavyo nilinunua katika soko la Kadutu, mtaani kwetu, na kuvisoma nikiwa kazini, kati ya redio moja na nyingine ya kutengeneza. Juu ya simbamarara nilikuwa nimesoma kila nilichopata. Nilikuwa pia nimetafsiri kanuni za hifadhi na kuwasomea mke wangu na mtoto mezani: msisimame garini, msishuke, msipige kelele. Kanuni ya rangi haikuwa kwenye ukurasa nilioupata, wala sikuwahi kufikiri kwamba rangi inaweza kuwa kosa. Kwetu, familia ikiwa na furaha inashona kikwembe kimoja kwa wote. Iwe harusi, kipaimara au misa ya shukrani, kadiri kitambaa kinavyong'aa ndivyo watu wanavyojua kwamba mmefurahi kweli.

Furaha yetu ilikuwa hii. Binti yetu alizaliwa na tundu katika ukuta wa moyo. Tuliambiwa alipokuwa na miaka tisa, na mwaka huo huo ukoo, parokia na majirani walichanga, tukampeleka Nagpur, katikati ya India, akapasuliwa na tundu likazibwa. Mbele ya kitanda chake palining'inia kalenda ya simbamarara, kila mwezi na mnyama wake. Muuguzi alimwambia kwamba wanyama wale wanaishi karibu, safari ya nusu siku kwa gari. Mtoto akaniuliza kama siku tutakayorudi kwa kipimo tutaenda kumwona mmoja. Nikasema ndiyo. Wakampa kalenda, akaibeba mpaka Bukavu, na bado iko ukutani kwetu ingawa mwaka wake ulikwisha zamani.

Sasa, miaka mitatu baadaye, tulikuwa tumerudi kwa kipimo cha mwisho. Daktari aliutazama moyo ule kwenye skrini kwa muda mrefu, akageuza kiti chake, akasema, "Moyo huu unaomba kazi. Mwacheni akimbie." Nilitafsiri maneno hayo bila kuongeza wala kupunguza. Mke wangu aliitikia kwa kichwa, akashukuru kwa heshima. Tulipofika barabarani aliweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wa mtoto, pale mshipa unapopiga, akaanza kuhesabu mapigo kimya kimya, kama alivyofanya kila siku kwa miaka mitatu.

Nyumba yetu iko Kadutu, juu kwenye mteremko, na shule iko chini, Ibanda. Watoto wa mtaa wetu wanashuka kwa miguu kwenye ngazi za udongo, wakisukumana na kutaniana. Binti yetu alikuwa anapelekwa kwa pikipiki, kwa njia ndefu inayozunguka kilima, mama yake akimshika kwa nyuma. Kamba hakuruka. Ngazi hakupanda bila kukalishwa katikati apumzike, hata kama hajachoka. Mwaka ule alikuwa anaingia sekondari na alikuwa na ombi moja tu: ashuke kwa miguu na wenzake. Mama yake alikuwa amemjibu, "Tungojee kwanza docteur." Sasa docteur alikuwa amesema, na mimi nikawa naviangalia vile vidole viwili nione kama na vyenyewe vimesikia.

Kulikuwa na jambo jingine. Kabla ya ugonjwa ule, mke wangu ndiye mwanamke aliyetafutwa kwenye harusi za mtaa kwa ajili ya vigelegele. Sauti yake ilivuka bonde; watu wa upande wa pili walijua bibi harusi ametoka nyumbani. Siku tulipoambiwa habari ya tundu, aliacha. "Siwezi piga vigelegele na moyo ya mutoto iko wazi," alisema. Baada ya upasuaji watu walingoja. Harusi zilipita, hata ya mdogo wake, naye akapiga makofi tu. Misa ya shukrani nayo ilikosa tarehe. Aliyechoka kungoja ni mama yangu, ambaye binti anamwita koko. Alishuka sokoni, akachagua kikwembe mwenyewe, akampeleka fundi cherehani nyumbani kwetu atupime.

"Docteur akisema muzuri, muvae kule kule," alituambia. "Musiningojeshe tena mpaka Bukavu. Na munitumie foto."

Kwa hiyo siku ya simbamarara, iliyokuwa siku yetu ya kwanza ya furaha baada ya jibu la daktari, mke wangu alikivaa. Nadhani aliona kuvaa ni rahisi kuliko kumweleza mama mkwe kwa nini hakuvaa.

Dereva alitutolea mablanketi matatu ya nyumba ya wageni, ya rangi ya udongo, yenye harufu ya moshi wa kuni. Nilipiga kwanza picha ya kumtumia koko, chini ya taa ya lango. Kisha simu zetu zikafungiwa katika sanduku la mlinzi, kwa sababu haziruhusiwi ndani, nasi tukajifunika mpaka kidevuni.

"Papa," binti akasema, "tuko sawa magunia ya viazi kwenye camion ya Kabare."

"Magunia haisemake," mama yake akamjibu. "Ikala hapa katikati."

Gari lilikuwa wazi, na viti vyake vilipanda kuelekea nyuma kama ngazi. Binti alikuwa anakitazama kile cha nyuma kabisa, cha juu, ambako mtu anaona mbali na kurushwa zaidi. Lakini mto ulikuwa umeshawekwa katikati, na mkono wa mama ulikuwa umeshaingia chini ya blanketi. Mimi nikakaa mbele yao, nyuma ya dereva na kiongozi.

Lango likafunguliwa. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya nyasi, na miti ya misaji ilisimama pande zote mbili ikiwa na majani makavu makubwa yaliyokuwa yakianguka moja moja kwa kishindo, utadhani mtu anatembea. Karibu na mji wetu tuna msitu wa sokwe ambao watu hutoka mbali kuja kuuona. Kati yetu watatu hakuna aliyewahi kuingia humo. Tulikuwa tumevuka mpaka wa Rusizi, tukapanda basi, tukapanda ndege tatu, ili tuingie katika msitu wa watu wengine. Nililifikiria jambo hilo kidogo, kisha gari likaingia shimoni.

"Papa, ambia chauffeur apunguze," mke wangu akasema.

Nikamwambia. Akapunguza. Shimo la pili likaja.

"Papa!"

"Maman, hii ni autoroute," binti akasema. "Mashimo iko kwetu."

Dereva aliuliza anasema nini. Nilipomtafsiria kwamba anaiita njia hii barabara kuu, alicheka tena, akaelekeza kidole kwenye kioo chake, akimwonyesha binti kwamba anamwona na anakubaliana naye.

Tuliona kulungu wenye madoa meupe, tukaona tausi juu ya mti, ambaye binti alisema amevaa kikwembe kibaya kuliko chetu na hakuna aliyempa blanketi. Jua lilipoanza kupasha, kiongozi aliinua mkono na dereva akazima injini. Palikuwa na bwawa dogo upande wa kulia, na nyuma yake mianzi iliyoshonana. Gari jingine lilikuwa limeshasimama pale, na ndani yake kulikuwa na familia ya Kihindi: wanaume wawili wenye kamera ndefu na bibi mmoja mzee aliyejitanda shali juu ya sari nyeupe yenye ukingo mwekundu.

Kutoka juu ya mti tumbili akakohoa. Hakulia, alikohoa, kikohozi kikavu kimoja, kisha kingine. Kiongozi alitugeukia. Alinong'ona kwamba tumbili anaona kutoka juu kile ambacho sisi hatukioni, na kwamba akikohoa hivyo hasemi uongo. Kulungu waliokuwa wakinywa waliinua vichwa wote pamoja. Mmoja akapiga mguu chini.

Nyuma yangu nikasikia mke wangu akinong'ona, "Inaenda mbio. Papa, moyo yake inaenda mbio."

"Maman, batu yote hapa moyo yao inaenda mbio," binti akajibu. "Acha mukono kidogo."

"Inakuuma?"

"Haiume. Inanichosha."

Niligeuka. Binti alikuwa ametoa mkono wake wa pili nje ya blanketi, ameshika kifundo cha mkono wa mama yake kama vile mama yake alivyomshika yeye, vidole viwili juu ya mshipa, na midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Maman," akasema, "ya yako ndiyo inakimbia. Yangu iko nyuma sana."

Mke wangu alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mtoto. Sikumfundisha. Alikuwa amejifunza mwenyewe, upande wa pili wa vidole vile, kwa miaka mitatu. Mama mtu alifungua mdomo ajibu, na wakati huo huo mianzi ikasogea.

Simbamarara jike alitoka bila haraka yoyote. Nilikuwa nimesoma uzito wake, urefu wa hatua yake na nguvu ya taya zake, na hakuna hata kimoja nilichokikumbuka. Nilichoona ni mabega yakipanda na kushuka kwa zamu, na tumbo jeupe lililoning'inia kidogo kama la mama yeyote aliyezaa. Milia yake niliyoizoea kwenye kalenda ilikuwa inatembea. Ilikunjuka na kukunjika alipopiga hatua. Alipita mbele yetu bila kutuangalia. Alifika kwenye bwawa, akageuka akatuelekezea uso, na badala ya kunywa akaanza kurudi kinyumenyume. Aliingiza makalio kwanza, polepole, akijikalisha kwenye maji baridi kama mtu mzima anayejaribu beseni la kuogea, mpaka maji yakamfika mabegani. Akafumba macho.

Binti alicheka bila sauti, mwili mzima ukitikisika. Hapo ndipo mke wangu alipopiga vigelegele.

Sijui niseme nini juu ya sauti ile isipokuwa kwamba ilikuwa nzima. Miaka mitatu haikuipunguza kitu. Blanketi lilianguka, manjano yote yakatoka nje na ndege wake wekundu, na mkono uliokuwa umeshika mkono wa mtoto ulikuwa sasa mbele ya mdomo wake, ukicheza. Tumbili walinyamaza. Kulungu hawakuonekana tena. Simbamarara alifumbua macho, akasimamisha masikio, akamtazama mke wangu kwa utulivu mkubwa. Kisha akainuka, maji yakimtiririka, akapanda ukingo na kurudi kwenye mianzi alikotoka, bila kukimbia.

Kiongozi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Wale wanaume wenye kamera walisema maneno ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Mke wangu alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini kazi ilikuwa imekwisha.

"Yesu Maria," akasema kupitia vidole. "Imetoka yenyewe."

Bibi mzee wa gari la pili ndiye peke yake aliyekuwa anatabasamu. Alimwambia kiongozi kitu. Kiongozi akateremsha mikono kutoka kichwani na kuniuliza, "Anauliza kama kuna harusi."

Njiani kurudi langoni binti alikuwa amehamia kiti cha nyuma kabisa bila kumwomba mtu ruhusa. Kila shimo lilipomrusha alisema "Hop!" kwa sauti ndogo. Nilingoja nisikie "Papa, ambia chauffeur." Sikusikia.

Langoni, kiongozi alitakiwa kueleza. Afisa wa zamu, mtu mrefu mwenye miwani, alikuwa ameshapata malalamiko ya wale wanaume. Kupiga kelele mbele ya simbamarara si jambo dogo pale, na kwa kawaida lawama huanza na kiongozi. Mke wangu aliona namna yule kiongozi alivyosimama, akanivuta mkono.

"Ambia ule papa ni kosa yangu, haiko ya guide. Muambie vile vile, usipambe."

Nikamwambia vile vile. Afisa akauliza mama alipatwa na nini. Basi nikalazimika kueleza yote, nimesimama pale nimevaa manjano: tundu, upasuaji, daktari, koko, kikwembe, na harusi zilizopita kimya. Kiingereza changu nilikipata kwenye vitabu vya umeme na hakina maneno mengi ya mambo ya namna ile. Nilisema kwamba mke wangu alikuwa amezima sauti yake miaka mitatu na leo imewaka. Afisa alinisikiliza bila kucheka.

Yule bibi mzee alikuwa ameshuka garini. Alisema kwamba kwao, Bengali, wanawake wanafanya vivyo hivyo kwenye harusi na sala, na hapohapo, kabla watoto wake hawajamzuia, akakiinua kidevu na kutoa vigelegele vyake, vyembamba na virefu, ulimi ukipiga pande mbili. Mke wangu alimtazama akisikiliza kama fundi anayesikiliza fundi mwenzake. Akamjibu. Watu wa foleni ya tikiti waligeuka wote. Afisa alivua miwani akaifuta, na nadhani alifanya hivyo ili awe na mahali pa kuangalia.

Uamuzi wake ulikuwa mfupi. Kiongozi hana kosa. Familia ya Kongo haitaingia tena msituni mchana, ingawa safari ya mchana ilikuwa imeshalipwa, na malipo hayarudishwi.

"Sawa," mke wangu alisema nilipomtafsiria. "Ana haki. Muambie aksanti." Kisha akamgeukia kiongozi na kumwomba radhi kwa Kiswahili, kwa kirefu, na yule aliitikia kwa Kihindi, kwa kirefu pia, wala sikuona sababu ya kuingilia.

Kwa hiyo mchana ulitukuta kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, tumekaa kwenye viti vya plastiki na kikapu cha machungwa, ambayo Nagpur inajulikana kwayo kama Kabare, jirani na Bukavu, inavyojulikana kwa maharagwe. Mabinti wawili wa mpishi walikuwa wanazungusha kamba, na wa tatu anaruka. Binti yetu aliwaangalia kwa muda. Alikuwa amewaangalia hivyo wenzake wa Kadutu, kutoka dirishani, siku nyingi. Halafu akainuka, akakaza kikwembe kiunoni na kwenda. Wale mabinti hawakumuuliza lugha. Walisogea, wakampa nafasi.

Mkono wa mke wangu ulianza kuinuka. Niliuona. Ulifika usawa wa kifua, ukabaki hewani kidogo, ukageuka na kuchukua chungwa. Alilimenya kwa mikono yote miwili, taratibu, ganda likatoka zima.

Mara ya kwanza kamba ilimpiga miguuni. Mara ya pili pia. Mara ya tatu aliingia, akaruka, akaruka tena, ndege wekundu wakipanda na kushuka juu ya lile manjano, na mabinti wa mpishi wakaanza kuhesabu kwa lugha yao. Aliporudi kwetu uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho na pumzi ilikuwa juu. Akakaa chini, akapokea chungwa.

"Umechoka?" mama yake akauliza, mikono yake ikiwa imelala magotini.

"Nimechoka."

"Pumuzika kidogo, urudie."

Jioni tulimpigia koko. Picha alikuwa ameshaipata na kuionyesha mtaa wote.

"Tigre mulimuona?" akauliza.

"Tulimuona, koko," binti akasema. "Na yeye alituona muzuri sana. Muulize maman."

Mke wangu alichukua simu. Nilitegemea ataeleza habari ya vigelegele, lakini alianza na jambo jingine. "Mama," alimwambia mama yangu, "uende kwa padri. Misa iwe dimanche ya kwanza tukifika. Tusingoje." Kutoka upande wa pili ulisikika mlio wa vigelegele ambao simu haikuweza kuubeba wote. Walipomaliza kucheka, mke wangu aliongeza, akimtazama mtoto, "Na shuleni, kushuka atashuka na miguu. Kupanda, tutaona."

"Na kupanda, maman," binti akasema.

"Nimesema tutaona."

Alinirudishia simu, akanitazama nikitoa kalamu yangu, maana anajua kwamba kila jioni ya safari ninafunga hesabu.

"Tumepoteza ngapi?" akaniuliza.

Gari la mchana, kibali na kiongozi, kwa watu watatu ambao hawakuingia.

"Dola nonante-quatre."

Alimenya chungwa jingine, akampa mtoto nusu na mimi nusu. "Andika," akasema.

Nikaandika: dola tisini na nne.